Udongo Uliobebwa: Kutoka Sirari hadi Ikoma kwa Njia ya Mizizi

Ukishavuka mpaka pale Sirari na kuanza kupanda kuelekea Tarime, karibu kila mti mrefu unaouona ulitoka mbali. Mikaratusi asili yake ni Australia, na migrevilea vivyo hivyo. Misaipresi inayozunguka nyumba na makanisa ni ya Mexico na Amerika ya Kati. Misindano, ile michache iliyosimama kwenye viwanja vya shule na misheni, nayo ni ya Mexico. Watu wa rika langu tumezaliwa tukaikuta yote, kwa hiyo hatuioni kuwa migeni. Lakini katika kundi hilo msindano una historia ya peke yake. Mbegu zake zilipoletwa Afrika Mashariki ziliota vizuri, kisha miche ikadumaa, majani yakageuka manjano, na mingi ikafa ingali na urefu wa kiganja. Ilimwagiliwa, ikapaliliwa, ikatiliwa samadi, na bado ikafa. Kilichokosekana kilikuwa kiumbe kinachoishi kwenye mizizi yake, ambacho mbegu haiwezi kukibeba.

Kiumbe hicho kililetwa ndani ya udongo. Nimeifuata njia ya udongo huo kwa kusoma na kwa kutembea, kwa sababu historia ya misitu yetu imeandikwa kwa majina ya miti na ya mabwana misitu, na udongo ukaachwa nje ya hesabu. Nadhani ndio uliostahili kutajwa kwanza.

Habari inaanzia Ujerumani, mwaka 1885. Ni mwaka uleule ambao serikali ya Berlin, tarehe 27 Februari, ilitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters na kuanza kuidai bara yetu kuwa koloni. Katika mji huohuo wa Berlin, mtaalamu wa mimea Albert Bernhard Frank alikuwa na kazi ndogo zaidi machoni pa wakubwa. Serikali ya Prussia ilitaka kulima trafo, uyoga wa thamani unaokua chini ya ardhi, na ikamtuma atafute namna. Namna ya kuulima hakuipata. Alichokiona ni kwamba ncha za mizizi ya miti mingi ya msituni zimevikwa ala ya kuvu, ala iliyokaza hivi kwamba mzizi wenyewe haugusani na udongo. Akadai kuwa kuvu hiyo si ugonjwa. Inaulisha mti maji na madini, na mti unailipa chakula. Akaiita mikoriza. Wenzake wengi walimpinga, maana wakati huo kuvu ilifahamika kama adui wa mimea na hakuna aliyetaka kusikia kwamba msitu mzima unaishi kwa kuitegemea.

Mwaka mmoja baadaye, 1886, Waingereza na Wajerumani walichora mstari kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, na mstari huo ukaipasua nchi ya Wakurya. Ndiyo maana Sirari ina mpaka, na ndiyo maana miti ya upande huu na ya upande ule ilipandwa na serikali mbili tofauti. Wajerumani waliweka boma Shirati kando ya ziwa na jingine Ikoma kwenye ukingo wa nyika. Huko Usambara walifungua taasisi ya utafiti Amani mwaka 1902 na kujaribu miti ya kila bara. Waingereza kwa upande wao walikuwa na reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, reli iliyokula kuni kwa pupa, na idara ya misitu iliyotakiwa kuzitoa kuni hizo. Mwaka 1907 idara hiyo ilipata mkuu mpya, David Ernest Hutchins, aliyekuwa ametumikia Cape, Afrika Kusini, kwa miaka mingi na kuamini kwa dhati miti ya haraka kutoka nje.

Cape ndiyo iliyokuwa na kitu ambacho Nairobi haikuwa nacho. Afrika Kusini ilikuwa imepokea misindano mapema zaidi, na katika zama zile miche ilisafirishwa baharini ikiwa kwenye vyungu, na udongo wake umeshikamana na mizizi. Kuvu ilisafiri humo bila kualikwa. Gibson, mtaalamu wa magonjwa ya miti aliyefanya kazi Kenya, aliandika habari za mikoriza ya misindano ya huko mwaka 1963, na Mfini Peitsa Mikola akazikusanya pamoja na zile za nchi nyingine. Mtiririko wake ni mmoja: kuvu ilitoka Afrika Kusini mwanzoni mwa karne ya 20, ikashika kwenye vitalu vya Kenya, na kutoka hapo udongo ukachukuliwa kitalu kwa kitalu hadi nchi jirani. Kila kitalu kipya kiliomba udongo wa kitalu cha zamani. Hakuna daftari la watu waliobeba mizigo hiyo. Walikuwa vibarua wa vitalu, na kwa kazi yao kila msindano uliosimama leo Sao Hill, Shume au Rubya kule Ukerewe una ukoo wa kuvu unaorudi nyuma hadi bara jingine.

Kwa nini upepo haukuifanya kazi hiyo? Kuvu ya msindano huzaa uyoga, na uyoga hutoa spora nyepesi zinazopeperuka. Jibu liko kwenye ramani. Misindano ya asili ya Afrika inapatikana kaskazini tu, katika nchi kama Morocco, Algeria na Tunisia. Kusini mwa ikweta duniani kote msindano wa asili ni mmoja, ule wa Sumatra. Kati ya milima ya Atlas na nyanda za Tarime kuna Sahara na savana ambamo spora ikianguka haina mzizi wa kuushika. Tanzania ina miti mingi ya asili yenye kuvu za jamii hiyo ya ala: Peter Högberg alionyesha mwaka 1982 kwamba miti mikuu ya miombo hapa nchini huvaa ala kama msindano, na kina mama wanaouza uyoga kando ya barabara za Tabora wakati wa masika wanauza matunda ya ushirikiano huo. Ila kuvu za miombo zina wenyeji wake, na kwa sehemu kubwa msindano si miongoni mwao. Isitoshe, miombo haifiki huku mkoani Mara. Huku ni nchi ya migunga na nyasi.

Mambo haya hayakutokea kwetu peke yetu. Australia Magharibi iliyaona, na mtaalamu wa misitu Kessell akayaandika mwaka 1927. Kisiwa cha Puerto Rico kilipanda misindano ikafa, miaka nenda miaka rudi, hadi ulipoletwa udongo kutoka North Carolina mwaka 1955. Na mwaka 1937 Hatch, huko Marekani, alipanda miche ya msindano katika udongo wa mbuga ya nyasi, mingine akaitia kuvu na mingine akaiacha. Miche yenye kuvu ilikusanya fosforasi zaidi ya mara tatu ya ile isiyo nayo, na naitrojeni karibu mara mbili. Udongo ulikuwa mmoja, chakula kilikuwamo tangu mwanzo. Miche iliyoachwa ilikuwa na njaa juu ya ghala lililofungwa.

Nilipopita barabara ya Nyamwaga nilisimama kwenye kitalu cha mzee mmoja, viriba vimepangwa kivulini chini ya nyavu. Nilimwamkia, nikamuuliza misindano yake anaipataje.

"Mura, mbegu nanunua," alisema. "Udongo siununui, nauomba. Naenda kule kanisani, chini ya miti ya wazee, nachota juu juu pale penye sindano zilizooza. Kiganja kimoja nachanganya kwenye ndoo ya udongo wa kitalu. Usipofanya hivyo, unafuga miche ya manjano."

Nani alimfundisha? Baba yake, aliyewahi kufanya kazi ya vitalu upande wa pili wa mpaka. Nikamuuliza kuhusu misaipresi, akashangazwa na swali. Misaipresi haitaki chochote. Unaweka kwenye udongo wa shambani, inaota.

Hapo ndipo Tarime inapoanza kufundisha jambo ambalo vitabu vya misitu hulipitia haraka. Msaipresi na msindano vyote huzaa koni, vyote vilitoka Mexico, na bwana miti huvihesabu kundi moja. Chini ya ardhi ni watu wa koo mbili zisizooana. Msaipresi hauvai ala. Kuvu yake huingia ndani kabisa ya chembe za mzizi na kutengeneza humo vijiti vyenye matawi madogo mno, na hapo ndipo mabadilishano yanapofanyika: fosforasi inaingia, sukari inatoka. Kuvu za aina hii hazizai uyoga. Spora zake hubaki udongoni. Ni za kale kuliko miti yenyewe. Mabaki yake yamo katika mawe ya Rhynie huko Uskoti, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 400, ndani ya mimea ya nchi kavu ya mwanzo ambayo haikuwa hata na mizizi ya kweli. Mimea mingi duniani inazo mpaka leo. Mahindi yanazo, ulezi unazo, muhogo hauwezi kuishi vema bila hizo, kahawa ya milimani Tarime inazo, migunga inazo. Kwa hiyo mche wa msaipresi uliotoka Mexico bila udongo ulipofika Tarime ulikuta mwenyeji anausubiri kwenye shamba la ulezi. Kabichi na sukuma wiki ni miongoni mwa mimea michache iliyojitenga na ushirika huu, na mkulima anayezipanda mfululizo mahali pamoja anazipunguza kuvu za shamba lake pasipo kujua.

Tena si kila kuvu iliyomfikia msindano ilikuja kwa wema. Mwaka 1957 ugonjwa wa majani unaoletwa na kuvu iitwayo Dothistroma ulionekana Tanganyika, na miaka michache baadaye Kenya. Msindano wa aina ya radiata, uliokuwa tumaini la mashamba ya serikali, uliachwa kupandwa, na patula ukachukua nafasi. Ndiyo sababu msindano unaouona leo karibu kila mahali una sindano ndefu zinazoning'inia. Kuvu moja ililisha misitu yetu kutoka chini na nyingine ikachagua kutoka juu ni mti gani ubaki.

Kutoka Nyamwaga barabara inateremka hadi Nyamongo. Kila mtu anaijua Nyamongo kwa dhahabu. Miamba inayoibeba ni ya ukanda wa mawe ya kijani wa Musoma na Mara, na umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mtu akitaja utajiri wa ardhi ya Tarime humaanisha hiyo. Kwa mmea, ardhi yenye umri huo ina shida moja kubwa, nayo ni fosforasi. Mvua za mamilioni ya miaka zimeosha madini mengi, na fosforasi iliyobaki katika udongo mwekundu imeshikwa na chuma na alumini. Haiendi kokote. Naitrojeni ikiyeyuka husogea na maji hadi kwenye mzizi, ila fosfati hukaa ilipo. Mzizi ukishanyonya iliyo karibu yake, milimita moja au mbili, umemaliza, na pembeni yake panabaki utupu. Uzi wa kuvu ni mwembamba mara nyingi kuliko kinyweleo cha mzizi, hupenya kwenye vitundu ambamo mzizi hauingii, na hufika sentimita kadhaa mbele ya utupu ule. Mkulima anayenunua mbolea ya kupandia kwa bei ya sasa analipia kwa fedha kazi ambayo nyuzi hizo huifanya kwa sukari. Kiasi chake hakilingani na cha mbolea, na sisemi aache mbolea. Nasema kulima kwa kugeuza udongo kila msimu na kuuacha mtupu kiangazi kizima hukata nyuzi hizo, na hasara yake haionekani kwenye risiti yoyote.

Kisha Mto Mara. Upande wa juu wa mto huu, ndani ya hifadhi, nyumbu huvuka na wengi huzama. Watafiti wakiongozwa na Amanda Subalusky walikadiria mwaka 2017 kwamba kwa wastani nyumbu 6,250 huzama kila mwaka, uzito wa tani 1,100. Nyama huliwa na mamba, tai na samaki au huoza ndani ya wiki chache. Mifupa huchukua miaka 7 kuyeyuka, na mifupa ni fosforasi. Mto unaopita jirani na mashamba yenye njaa ya fosforasi unabeba fosforasi iliyoliwa kama nyasi kusini, ikatembea kwa miguu mamia ya kilomita, ikazama.

Nyasi ziliipata wapi? Ng'ambo ya mto umeingia wilaya ya Serengeti, na ukishapita Mugumu ardhi inaanza kufunguka kuelekea Ikoma. Oscar Baumann, msafiri wa Austria, alipita nyika ya Serengeti mwaka 1892 akitokea Ngorongoro kuelekea ziwani. Alikuta Wamaasai wanakufa kwa njaa, maana sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe mwaka mmoja au miwili kabla. Sotoka hiyohiyo iliwaua nyumbu, na ikaendelea kuwapunguza kwa miongo mingi. Ilipodhibitiwa kwa chanjo ya ng'ombe katika miaka ya 1960, nyumbu wakaongezeka kutoka kama 250,000 mwaka 1961 hadi kama milioni 1.3 mwaka 1977. Habari hii hupewa maelezo ya ugonjwa, nayo ni sahihi. Ila chanjo humwondolea mnyama kifo tu. Chakula cha nyumbu milioni moja wa ziada kilipaswa kutoka udongoni.

Kusini mashariki ya Serengeti udongo ni majivu ya volkano za Ngorongoro na Oldoinyo Lengai, wenye madini tele. Kadiri unavyokuja kaskazini magharibi, kuelekea Ikoma na Mto Mara, mvua inaongezeka na majivu yanapungua. Samuel McNaughton, aliyetafiti nyasi za Serengeti tangu miaka ya 1970, alionyesha mwaka 1988 kwamba wanyama hawakusanyiki popote penye majani. Hukusanyika penye majani yenye madini wanayoyahitaji, fosforasi ikiwa mojawapo. Baadaye Nancy Johnson na wenzake wakachimba chini ya nyasi hizo. Mwaka 2015 walieleza jinsi kuvu za mizizi zinavyobadilika kufuata udongo na mvua kutoka upande mmoja wa hifadhi hadi mwingine, na mwaka 2018 wakajenga hesabu ya mfumo mzima, yenye kuvu na isiyo na kuvu. Sehemu kubwa ya uwezo wa Serengeti wa kulisha wanyama wake inapitia kwenye nyuzi hizo.

Ni kuvu za jamii ileile ya ulezi na msaipresi. Wageni wanalipa kwa dola kuja kuwaona simba, na sipungukiwi heshima kwa simba, lakini hakuna mahali kwenye lango la Ikoma palipoandikwa kwamba simba anakula nyumbu, nyumbu anakula nyasi, na nyasi inalishwa na kiumbe asiyeonekana. Ningependa pangeandikwa. Watoto wa Mugumu wangesoma.

Wenyeji wa huku walikuwa na elimu yao ya kuvu kabla ya Frank. Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha mwaka 2012 uchunguzi wa majina na matumizi ya uyoga kwa jamii zinazozunguka Ngorongoro na Serengeti, Wakurya wakiwamo. Uyoga unaothaminiwa sana katika nchi hii ni ule wa vichuguu, na huo haugusi mizizi. Unafugwa na mchwa. Kuvu za nyasi hazina uyoga, kwa hiyo hazikuweza kupata jina jikoni. Na uyoga utelezao unaochomoza chini ya misindano baada ya mvua, ambao Ulaya huliwa kwa hamu, huku wengi wanaupita. Ni busara kuupita mpaka uwe na mtu anayeujua.

Njia yangu ilikusudiwa kuishia kwenye magofu ya boma la Ikoma. Kusoma kukanisogeza mbele, mashariki, nje ya wilaya hizi mbili, hadi kwenye misitu ya Loliondo. Huko kuna mtarakwa, mti wa asili wa Afrika Mashariki wa jamii ya msaipresi. Wajerumani waliujua vizuri. Kule Shume, Usambara, kampuni ya Wilkins na Wiese ilitundika kamba za chuma kuzishusha mbao zake hadi Mkumbara, na mbao hizo zikawa penseli za Ulaya. Mizizi ya mtarakwa hubeba kuvu za kuingia ndani, zilezile za nyasi na ulezi. Mpodo nao, mti mwingine wetu wenye majani membamba usiomwaga majani, huzibeba kuvu hizo, tena katika vinundu vidogo vilivyojipanga kwenye mizizi kama shanga.

Kwa hiyo miti hii miwili ya kwetu haikuhitaji meli wala ndoo ya kuomba. Mtarakwa unakua taratibu, hauwezi kushindana na patula kwa mbao za miaka 20, na huota kwa kusuasua, wiki nyingi kabla jani la kwanza halijatokea. Lakini vilima vya Tarime viko katika mwinuko unaoufaa, na mzee wa kitalu cha Nyamwaga akipata mbegu zake, udongo ataupata palepale, kwenye kona ya shamba lake la ulezi.